Nyuma ya Kombaini Hadi Mau Narok

Wale mlionipigia simu kuuliza kama ni kweli nilionekana Gilgil nikiendesha gari nyuma ya kombaini kwa mwendo wa mazishi, taa zote zikipepesa na kitambaa chekundu kikining'inia dirishani: ndiyo, alikuwa ni mimi. Na hapana, sijaacha ualimu. Nimeamua kuandika yote mara moja kwa sababu nimeshayasimulia kwa mdomo mara sita, na kila nikiyasimulia naonekana mjinga kidogo zaidi.

Mnajua nafundisha Jiografia. Miaka kumi na tisa nimesimama mbele ya madarasa hapa Nakuru nikiandika ubaoni mambo yanayoamua tabianchi ya mahali: mwinuko, milima, upepo, maziwa, misitu, na upande ambao mteremko unaelekea. Nina mchoro mmoja wa mlima ambao nauchora kwa chaki nikiwa naongea, bila kuutazama. Mishale ya upepo upande huu, mawingu kileleni, nyika kavu upande wa pili. Wanafunzi huunakili bila swali. Mimi pia sikuwahi kuwa na swali.

Halafu siku ya pili ya likizo Mama akanipigia kutoka Mau Narok. Mama anaishi peke yake kwenye ekari nane kando ya msitu, na mtandao wa kule huja ukijisikia. Nilichosikia ni hiki: "Imekauka kabisa. Tafuta mtu haraka." Kisha simu ikakatika.

Ngano, nikasema moyoni. Ngano ikishakauka shambani haina subira. Mvua ikiikuta inalala chini, inaanza kuota ikiwa bado kwenye suke, na kazi ya mwaka mzima inakuwa chakula cha kuku. Tena kombaini za kuvuna huanza na mashamba makubwa. Wenye ekari nane husubiri wakubwa washibe. Msimu uliopita Mama alisubiri hivyo, na alichovuna kilikuwa nusu ngano, nusu matope. Kwa hiyo sikupiga tena simu kuuliza maswali. Nilitafuta kombaini.

Niliipata Ntulele, kwenye tambarare za barabara ya Narok. Ilikuwa inamaliza shamba la mwisho huko na ilitakiwa kwenda shamba moja kubwa ng'ambo ya Mau Narok. Mwenye mashine alikubali ipitie kwa Mama kwa sharti moja: gari lake la kusindikiza lilikuwa limeharibika, kwa hiyo mimi niifuate nyuma na gari langu, niwaonye madereva wengine. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Nilidhani ni safari ya siku moja.

Ntulele hadi Mai Mahiu

Dereva wa kombaini anaitwa Kipruto, mtu wa makamo, mpole, mwenye kofia ya sufu anayoivaa hata jua likiwa la kukaanga mayai. Amefanya kazi hiyo tangu ujana wake. Kalenda yake ni mwinuko: anaanza mashamba ya chini, ambako joto huivisha ngano mapema, kisha anapanda nayo polepole hadi kule juu ambako baridi huichelewesha. Alinieleza hayo akidhani ni habari mpya kwangu. Nikatikisa kichwa kama mtu anayeelimishwa.

"Mwalimu, unaitwa nani?" akaniuliza.

"Nyambura."

Akaacha kufunga bolti. Jina langu, kwa wasiojua Kikuyu, linatokana na mvua. "Unaitwa mvua," akasema, "na unakimbizana na mvua. Sawa tu."

Nilikuwa nimepanga tupite njia fupi, ile inayotoka Narok na kupanda moja kwa moja hadi Mau Narok. Kipruto alinionyesha upande wa mlima. Huku tulikokuwa vumbi lilikuwa linacheza ngoma ya duara shambani, lakini kule juu kulikuwa na ukuta wa wingu jeusi, umekaa tu, kama mgeni asiyeaga.

"Juu kumenyesha jana," akasema. "Lori mbili zimelala kwa matope. Tutazunguka."

Kuzunguka maana yake ni Mai Mahiu, Naivasha, Gilgil, Nakuru, Njoro, kisha juu. Mvua tuliyotaka kuiwahi ndiyo hiyo hiyo iliyotufungia njia ya kuiwahi. Nilimuuliza kama anadhani itanyesha tena karibuni.

"Hapana. Hiyo imeisha. Wiki hii yote ni jua," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeongea nayo.

Kombaini barabarani hufunguliwa kichwa chake kipana cha kukatia, na kichwa hicho hufungwa kwenye trela nyuma yake. Nyuma ya trela nilikuwa mimi. Karibu na Suswa gurudumu la trela lilipasuka, tukakaa kando ya barabara kuanzia saa tano hadi saa tisa, tukila mahindi ya kuchoma yaliyokuwa magumu kama kokoto. Nilimweleza Kipruto kwa nini pale ni pakavu: upepo wenye unyevu hutua mzigo wake kwenye milima ya mashariki, na ukishuka huku bondeni hauna kitu mkononi. Alisikiliza vizuri sana, kisha akaniuliza kama upepo huo unajua kuziba gurudumu.

Mai Mahiu

Tuliingia Mai Mahiu jua likishuka. Jina lenyewe ni maji moto, na mzigo niliofunga kwa haraka ulilifaa jina hilo: magauni mawili mepesi, leso moja, sweta hakuna. Juu yetu ukingo wa bonde ulisimama kama ukuta wa nyumba ya tajiri, na mawingu mazito meupe yalikuwa yanamwagika kutoka juu yake. Yalikuwa yanashuka, yanashuka, na kabla ya kufika katikati yanayeyuka. Hakuna tone lililofika chini. Nilisimama kando ya gari nikiangalia mchoro wangu wa ubaoni ukijichora wenyewe, na nakiri nilijisikia kama mtu aliyekutana na mwandishi wa barua ambazo amekuwa akizisoma kwa miaka mingi.

Kwenye kibanda cha chakula kati ya malori, mama mmoja mwenye aproni ya bluu alinitazama kwa huruma.

"Pole sana," akasema. "Nani amekufa?"

Sikumwelewa. Akaonyesha gari langu, kitambaa chekundu, taa zikipepesa, na mwendo tulioingia nao. Nilimweleza kwamba nasindikiza kombaini.

"Ndiyo, kila mtu anaomboleza na njia yake," akasema, akaniongezea chapati moja juu ya maharagwe yangu, madondo wanavyoyaita huko, bila kuniuliza.

Nilimuuliza kuhusu yale mawingu, kama huwa yanafika. Hakuinua hata macho kutoka kwa sufuria.

"Hayo ni ya watu wa juu. Sisi huku huwa tunaonyeshwa tu."

Giza lilipoanza kuingia, upepo ukashuka kutoka ukingoni kama maji ya mto. Hewa baridi ni nzito, huteremka kufuata mteremko. Nimewasahihishia watoto wa watu mitihani juu ya jambo hilo. Nilikula madondo yangu nimejifunga leso mabegani, nikitetemeka katika mji wa maji moto, na nikakubali koti la dereva wa lori aliyekuwa ameketi nami. Asubuhi alilichukua akiwa tayari anaondoka, akaniambia, akiniita mama kwa Sheng, "Mathe, ukija Mai Mahiu beba nguo ya baridi." Nikamshukuru kwa somo.

Naivasha na Gilgil

Siku ya pili tuliianza vizuri. Mlima Longonot ulikuwa umevaa wingu dogo kichwani, limekaa sawa kama kofia ya askofu. Tuliposimama kupoza injini, Kipruto akalitazama kwa muda mrefu.

"Ikivaa kofia hivyo, saa nane mvua iko," akasema.

"Jana ulisema wiki yote ni jua."

"Jana haikuwa imevaa kofia."

Nilimwambia kwamba wingu lile ni hewa tu inayopanda ubavuni mwa mlima na kupoa, halina nia mbaya. Mchana, nikamwambia, upepo wa ziwa utavuma kuelekea nchi kavu na kulisukuma. Akasema sawa, tutaona. Saa nane ilifika. Hapakuwa na mvua yake wala upepo wangu. Palikuwa na utulivu kamili, nzi, na jua moja kali, nasi tumesimama kando ya barabara Naivasha tukila samaki wa kukaangwa kwenye gazeti, kila mmoja akikwepa kumtazama mwenzake.

Hapo ndipo Mama alipopatikana kwenye simu kwa mara ya pili, kwa muda wa pumzi mbili.

"Umepata mtu?" akauliza.

"Nimepata. Tunakuja."

"Mnakuja? Wangapi?" Kisha ikakatika.

Niliona ni swali la ajabu, lakini Mama hupenda kujua atapika kiasi gani.

Upepo wangu ulikuja, ila ulikuja Gilgil, ukiwa umechelewa na umekasirika. Wanaoijua Gilgil wanajua: iko juu zaidi kuliko Naivasha, pako wazi, na upepo unaopita kati ya milima miwili hubanwa pale kama watu mlangoni. Ulining'olea kitambaa chekundu dirishani, nikakiona mara ya mwisho kikivuka ua wa mtu kwa kasi ambayo mimi sikuwa nimeifikia siku mbili nzima.

Bila kitambaa, nikawa tu mwanamke anayeendesha polepole sana. Afisa wa trafiki akanisimamisha. Akazunguka gari lote, akainama dirishani.

"Mathe, hii gari iko na shida, ama shida ni wewe?"

"Nasindikiza ile kombaini."

Akatazama mbele. Kipruto hakuwa ameona kwamba nimesimamishwa, na alikuwa ameshapita kona. Barabara ilikuwa tupu.

"Kombaini gani?" akauliza kwa upole, kwa sauti tunayoitumia kwa wagonjwa.

Nilimwomba asubiri. Tulisubiri pamoja kando ya barabara, upepo ukitupiga vumbi machoni, hadi Kipruto alipogundua amebaki peke yake na kurudi kwa miguu, kofia yake ya sufu imevutwa hadi nyusi. Afisa aliangalia kofia, akaangalia magauni yangu mepesi. "Nyinyi wawili hamkupanga pamoja," akasema, akaturuhusu. Mlionipigia simu mlinipita muda mfupi kabla kitambaa hakijaruka, nadhani, maana kuna aliyepiga honi kwa furaha nyingi.

Nakuru

Siku ya tatu tulishuka kutoka Gilgil asubuhi na mapema. Kombaini haitakiwi mjini wakati watu wengi wanaenda kazini, nasi tulitaka kuvuka Nakuru kabla. Hatukuvuka. Mnyororo wa trela ulifunguka karibu na Elementaita, na tulipomaliza kuufunga jua lilikuwa limekwisha kupasha moto bonde lote. Nilimwambia Kipruto kwamba joto la asubuhi namna ile huinua hewa ya unyevu, na alasiri hutushukia kama mvua. Safari hii nilikuwa sahihi, na sijawahi kuchukia kuwa sahihi kiasi hicho.

Ilianza tunapoingia mjini. Si mvua ya kuonya, ilimwagwa. Maji yalifunika barabara, kombaini ikaingia kwenye kituo cha mafuta, na mimi nikaendelea hadi nyumbani kwangu mtaa wa Bondeni, ambako nilikuta nguo zangu zote kwenye kamba. Nilizianika siku nilipoondoka, kwa kuwa anga lilikuwa safi. Jirani aliyekuwa mlangoni aliniambia alidhani nimeziacha makusudi, zioshwe tena.

Hofu ilinishika usiku ule wa mvua nikiwa kitandani mwangu, jambo ambalo halikunipata njiani. Kama Nakuru kunanyesha hivi, nikawaza, huko juu ngano iliyokauka imelala chini. Nilimwona Mama akiokota masuke moja moja kama msimu uliopita, mgongo umepinda, akiniambia si mbaya sana. Nilijaribu simu yake mara nyingi. Haikupatikana.

Alfajiri nilimkuta Kipruto ameketi kwenye ngazi ya kombaini akinywa chai na mandazi mawili makubwa. Hakutaka kulala mbali na mashine.

"Mvua ya mjini si ya mlimani," akaniambia kabla sijasema neno. "Inaweza kunyesha hapa na kule kukauke. Na kinyume."

"Hiyo ni ya kunifariji ama unajua?"

Akafikiri kwa uaminifu. "Ya kukufariji."

Njoro hadi Mau Narok

Toka Njoro barabara hupanda bila kujificha. Kila tulipopanda, mkono wangu ulifunga dirisha kidogo zaidi. Migunga iliisha, mahindi yakawa mafupi na ya kijani, kisha yakaisha pia, zikabaki viazi na ngano na kondoo wenye sufu nzito. Ukungu ulitukuta mahali msitu unapoanza. Ulikuwa unatoka katikati ya miti kana kwamba miti ndiyo inaupumua. Kipruto akawasha taa. Kwa mara ya kwanza katika siku nne, kofia yake na hali ya hewa vilipatana.

Tulifika kwa Mama saa nane mchana. Njia ya kuingia kwake ni nyembamba, kati ya ua wake na ua wa jirani yake Mzee Tanui, na kombaini ilipita ikikwaruza majani pande zote mbili. Ngano ilikuwa imesimama. Nililiona hilo kwanza. Haikuguswa.

Mama alitoka jikoni, akafuta mikono, akaitazama kombaini kuanzia magurudumu hadi juu.

"Hiyo ni ya nini?"

"Mama, si ulisema imekauka?"

"Nilisema ng'ombe. Ng'ombe imekauka, haitoi hata maziwa ya chai. Nikasema utafute mtu wa kuinunua." Akaitazama tena mashine. "Na huyu ndiye mtu?"

Kwa Mama kila kitu ni i: ng'ombe ime, ngano ime, redio ime. Nimesahihisha insha za watoto wengi, sikuwahi kumsahihisha Mama. Kipruto alikuwa ameshaingia shambani. Alivunja suke, akasugua mikononi, akatia punje mdomoni. Ngano kavu hupasuka kwa meno. Hii niliiona ikitafunwa kama chingamu.

"Bado siku mbili," akasema. "Tatu kama ukungu haujatoka. Na kesho mimi natakiwa kwa shamba kubwa."

Akiondoka, hatarudi hadi wakubwa washibe. Sote watatu tulilijua hilo. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni. Siku nne nyuma ya trela, kwa sababu ya ng'ombe.

Upande wa pili wa ua Mzee Tanui alikuwa amesimama na fimbo yake, akitazama. Yeye na Mama hawakuwa wamesemezana tangu ng'ombe wake walipoingia kwenye viazi vya Mama, misimu mitatu sasa. Shamba lake linapakana na la Mama, udongo ni mmoja, mbegu ni moja, walipanda wiki moja. Lakini lake linateremka likitazama mashariki, jua la asubuhi hulipata lote; la Mama limelala kwenye kivuli cha msitu, na umande wake huondoka saa tano. Ngano yake ilikuwa ya rangi ya mkate. Ya Mama ilikuwa bado na kijani kwenye shina.

Mama aliitazama ngano ya jirani yake, akaitazama mashine, kisha akaniambia kwa sauti ya kusikika Njoro, "Mwambie huyo mzee kwamba ngano yake iko tayari, na mashine iko hapa leo."

Niliwatazama. Walikuwa hatua sita mmoja kutoka kwa mwenzake. Nikavuka hatua tatu.

"Mzee, Mama anasema ngano yako iko tayari."

"Nimesikia," akasema. "Muulize yake je."

Nikarudi hatua tatu. "Anauliza yako je."

"Mwambie yangu haijakauka. Kilichokauka ni ng'ombe."

Nilitaka kulia. Nilikuwa nimevuka nusu ya Bonde la Ufa ili kukata ngano ya mtu ambaye ng'ombe wake walikula viazi vyetu. Lakini Mama alikuwa ameshageuka kwenda kuweka chai, na kwake jambo likishasemwa limekwisha. Kipruto alifunga kichwa cha mashine, na kufikia machweo ngano ya Mzee Tanui ilikuwa kwenye magunia, yote, bila kupoteza hata kona. Yeye aliyahesabu, akaondoka bila hata asante. Hilo pia lilinichoma.

Siku za kungoja

Asubuhi Kipruto alinywa uji, akaaga, akawasha kombaini. Aliizima baada ya dakika chache. Kwenye ile njia nyembamba, ambayo ndiyo njia pekee ya kutoka, pikapu ya zamani ya Mzee Tanui ilikuwa imesimama imekingama, pua kwenye ua wa Mama, mkia kwenye ua wake. Yeye alikuwa ndani, mikono kwenye usukani.

"Imekataa," akatuambia.

Kipruto akafungua boneti, akaangalia, akaniangalia mimi, akaifunga polepole sana. "Imekataa kweli," akasema.

"Tuisukume," nikasema, maana mimi huwa sielewi mambo haraka.

"Mwalimu," akasema Kipruto, "mgongo wangu ni mbaya."

Mwenye kombaini alipiga simu, mtandao siku hiyo ukawa safi kama wa mjini. Alitaka kujua mashine yake iko wapi. Kipruto alimweleza kuhusu pikapu. Mwenyewe alisema mengi. Kipruto aliisogeza simu mbali na sikio, akala kiazi cha kuchemsha, akairudisha. Tulikula viazi hivyo siku mbili, na chai ya rangi, kwa kuwa ng'ombe ndiyo ile. Jioni ya kwanza Mzee Tanui aliacha chupa ya maziwa juu ya nguzo ya ua, akaenda zake. Mama aliichukua bila kutazama ilikotoka.

Ukungu ulikaa siku nzima ya kwanza. Kila mmoja alikuwa na utabiri wake. Mama alisema utaondoka usiku kwa sababu mwezi ni mpya. Kipruto alisema utakaa wiki. Mimi nilieleza habari za msitu na unyevu kwa urefu, hadi nikaona hata kuku wameondoka. Siku ya pili, saa sita, bila kumuuliza yeyote kati yetu, upepo mkavu ukaingia kutoka upande wa bonde, ukaufungua ukungu kama pazia, na jua likaanguka kwenye shamba la Mama kwa uzito wake wote. Saa tisa Kipruto alitafuna punje. Sote tulisikia ikipasuka.

Alikata bila kusimama. Wingu lilikuwa limeanza kupanda tena nyuma ya msitu, jeusi chini, jeupe juu, nasi tulikuwa tunashona magunia na kuyabeba stoo, mimi, Mama, na mtu wa tatu ambaye sikumwona alivyoingia hadi nilipomkuta ameshika ncha nyingine ya gunia langu. Alikuwa Mzee Tanui. Mama alimpa sindano ya kushonea. Tone la kwanza lilinipiga mkononi Kipruto akigeuza kwa mstari wa mwisho, na ule mstari wa mwisho, niwaambie ukweli, ulilowa. Mmoja kati ya yote.

Mvua ya mawe ilishuka dakika chache baadaye. Tulisimama mlangoni pa stoo tukiitazama ikipiga mashina matupu. Simu ya Kipruto ikalia: mwenye kombaini. Kwenye shamba kubwa kulikuwa kumenyesha siku zote mbili mfululizo, matrekta yamezama, na alikuwa anampongeza kwa busara ya kutoifikisha mashine huko. Kipruto alimshukuru, akasema alikuwa amefikiria hivyo hivyo.

Mvua ilipokatika, Mzee Tanui alivuka njia, akaingia kwenye pikapu, akageuza ufunguo. Iliwaka mara moja, kwa sauti tamu, akairudisha nyuma hadi kwake. Mama alimwangalia hadi alipozima. Kisha akasimama kwenye ua, na kwa mara ya kwanza katika misimu mitatu hakunituma mimi.

"Hiyo gari yako ilikuwa na shida gani?"

Mzee Tanui alishuka polepole, akafunga mlango kwa uangalifu. "Baridi ya huku juu," akasema. "Injini haiipendi. Muulize mwalimu."

Wote wawili walinigeukia, wakangoja.

"Ni kweli," nikasema. "Joto hupungua kadiri mtu anavyopanda."